Jagi la Meza Ndefu

Kazi yangu ni maji.
Nayachota jikoni, nayachuja kwa kitambaa,
napanda nayo ngazi arobaini na moja
hadi ukumbi wenye zulia jekundu.
Buenos Aires, mwezi wa Juni, baridi ya kukata masikio.
Upande wa dirisha wameketi wa Bolivia.
Upande wa ukuta, wa kwetu, Paraguay.
Katikati jagi, na ramani ya Chaco
iliyokandamizwa pembe zake kwa visahani vya majivu.

Hakuna ajuaye kuwa wa kwetu ni wa kwetu.
Nilipoomba kazi nilisema natoka Corrientes.
Mhudumu hana nchi; ana trei.

Leo siku ya tisa wanagombania neno.
Daktari Insaurralde anataka "kukomesha".
Bwana Arancibia anataka "kusimamisha",
maana kilichosimama, asema, bado kina miguu.
Mwenyekiti anapangusa miwani.
Karani anafuta, anaandika, anafuta,
mpaka karatasi imetoboka
pale pale amani ilipotakiwa kukaa.

Kaka yangu Celedonio anaendesha lori la maji.
Barua yake ya mwisho ni ya Machi:
*Eulalia, huku kiu ina cheo kuliko jenerali.
Juzi tumewakuta Wabolivia kumi na wanne
chini ya miti ya miiba, hawana jeraha hata moja.
Mmoja amekumbatia kopo tupu kama mtoto mchanga.
Watu wa milimani hao, wa kwenye theluji.
Nilitafuta chuki mfukoni, nikakuta spana.*

Kwa Kiguarani maji ni sauti moja tu,
fupi, ya kooni,
kama ya mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo.
Huwa naitamka ngazini, nikiwa peke yangu.

Niliteleza? Sijui. Sikukusudia.
Jagi liliinama, maji yakashika mkunjo wa karatasi,
yakaingia Chaco kwa upande wa kaskazini,
yakapita ngome, yakapita vituo vilivyokufa watu elfu,
yakajaa mahali ambapo kaka yangu
huchimba mita thelathini akapata chumvi.

Wahenga walisema yakimwagika hayazoleki.
Basi wangewaona wanaume wale,
leso za hariri mikononi, viti chali,
Insaurralde na Arancibia wakikamua kitambaa kimoja
ndani ya bakuli langu.
Sijawahi kuwaona wakishika kitu pamoja,
kabla ya hapo wala baadaye.

Kisha wakaketi.
Ramani ilipokauka ilikuwa imejikunyata,
nao wakabishana hadi saa nne usiku
kama mstari umesogea kilomita mbili
na umesogea kwa faida ya nani.

Jumatano wakakubaliana.
Kalamu, kofia, wapiga picha.
Neno gani lilishinda sikulisikia.
Nilisikia hili: bunduki zitanyamaza
Ijumaa, saa sita mchana.

Ijumaa.
Nilisimama na trei yangu.
Ni ili simu za upepo zifike, walisema,
kila kikosi kipate habari.
Kana kwamba mwenye kiu huambiwa:
maji yapo, njoo keshokutwa.

Arancibia aliomba glasi. Mkono ulimtetemeka.
Alikunywa yote, akaigeuza kichwa chini
juu ya meza, taratibu,
kama mtu anayefunika mdudu asiyetaka kumuua.
"Una mtu huko, binti?" aliuliza, bila kunitazama.
Nikasema, "Mimi natoka Corrientes, bwana."

Ijumaa, saa tano na nusu, nilikuwa jikoni.
Mpishi alikuwa ameweka saa yake juu ya gunia la unga.
Baadaye walisimulia kwamba kule mbele, nusu saa ile,
pande zote mbili zilimimina kila risasi iliyobaki,
ili isirudishwe ghalani, ili isihesabiwe.
Mimi nilisikia bomba tu.
Lilikuwa wazi, likitiririka juu ya jagi
lililokwisha kujaa zamani.
Sikulifunga.
Mpishi alinikaripia: unamwaga maji bure.
Nikamwambia bado dakika saba.